Tairi la nyuma limeota nundu: je, litanifikisha Dodoma?

Swali: Ndugu zangu, habari za leo. Keshokutwa ninatarajia kusafiri na familia kwa gari dogo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Jana nilipokuwa nikiosha gari niliona kwamba tairi la nyuma, upande wa kushoto, limeota nundu ubavuni, wiki moja baada ya kuingia kwenye shimo kwa kishindo. Fundi aliyelitazama amesema kwamba kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, bado ni nene, kwa hiyo nipunguze tu upepo kidogo ili lisipasuke kwa joto la njiani. Naombeni ushauri.

Jibu la 1: Ndugu, tafadhali usisafiri na tairi hilo. Nundu ni dalili kwamba nyuzi za ndani ya ubavu zimekatika, na sasa upepo unazuiwa na mpira mtupu. Unene wa kashata hauhusiani kabisa na ubovu huo, wala hakuna kiraka cha kuutibu.

Jibu la 2: Mimi kinachonitia hofu zaidi ni huo ushauri wa kupunguza upepo, kwa sababu wengi wetu tunauamini ilhali unaleta balaa lile lile tunalolikimbia. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea ubavuni kila linapozunguka, na kubonyea huko ndiko kunakozalisha joto, hata kashata ikabanduka au ubavu ukapasuka gari likiwa katika mwendo mkali. Ni kweli kwamba kipimo hupanda tairi linapopata moto, lakini watengenezaji wamekwisha kulizingatia hilo, na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ni cha tairi lililopoa. Pima alfajiri kabla ya kuondoka, na kama gari limejaa watu na mizigo, fuata kiwango cha gari lililojaa.

Jibu la 3: Ukienda kununua, hasa mtumba, soma tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari wenye herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata tairi likikaa stoo. Na likitokea la kupasuka njiani, shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, wala usikanyage breki kwa ghafla.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Nimekagua na spea: imeandikwa 1115, tena haina upepo. Nimeahirisha safari hadi Jumamosi.