"Daktari" wa uandishi asiyejua "ndoo" ni nini, na karo yangu inaliwa

Waungwana, mnivumilie. Hili nimelimeza tangu muhula uliopita na sasa limenikaa kooni.

Nasoma masomo ya jioni, kozi ya uandishi wa kubuni, chuo kimoja hapa Mombasa. Mchana niko ofisi ya klaringi karibu na bandari, nikitoka saa kumi na moja napanda tuktuk mbio darasani na njaa yangu. Karo ni Sh48,000 kwa muhula, naitoa kwa vipande. Kwa hivyo nikiuliza anayenifundisha amesomea wapi, msiniite mfidhuli.

Mlangoni mwake kuna kibao: Dkt. Kwenye ratiba, Dkt. Tukamwita Daktari kwa adabu zote. Alichotufunza muhula wa kwanza ni "onyesheni, msieleze". Tukimwuliza tunaonyeshaje, anajibu "ongezeni hisia". Wiki tatu hizo!

Muhula wa pili nikaandika hadithi ya nyanya yangu wa Kibokoni. Ajuza wa Kimvita, nami nikamwacha aseme anavyosema, kwa lahaja ya Mombasa: "Ndoo hapa, mwanangu." Kazi ikarudi. "Ndoo" imezungushiwa wino mwekundu na pembeni kaandika: "Ndoo ya nini? Maji hayajatajwa."

Wallahi sikutia chumvi, karatasi ninayo. Mhadhiri wa fasihi, kwenye mji wa Muyaka, mshairi wetu wa kale, hatambui kwamba nyanya anamwita mjukuu aje! Mbele kidogo nyanya kasema "mato yangu hayaoni ndia". "Ndia" kaisahihisha ikawa "njia", sawa, lakini "mato", yaani macho, kaandika "matokeo?" Matokeo yangu hayaoni njia. Hapo angalau alibashiri, maana nilipata 41.

Ndipo nikautafuta wasifu wake, ule wanaoutia kwenye kijitabu cha kozi. PhD: "inaendelea". Inaendelea! Basi hicho kibao cha mlangoni kimetangulia wapi? Chini yake kuna MFA, shahada ya uzamili ya sanaa, ya Marekani. Nikakiingia hicho chuo mtandaoni: hakina anwani ya barabara, hakina jina la mwalimu hata mmoja, na shahada wanakupa kwa "tajriba ya maisha" ukishalipa. Kwa bei hiyo mamangu angekuwa profesa.

Najua kuna watakaokuja na vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014, kwamba mhadhiri awe na PhD. Mimi hata simdai PhD. MFA ya kweli huko Marekani ndiyo kilele cha fani hii, na Chuo Kikuu cha Iowa wanafundisha uandishi tangu 1936. Na wala sisemi cheti ndicho kila kitu. Mshairi Abdilatif Abdalla, mtoto wa hapa hapa Mombasa, alikuwa akifanya kazi baraza la mji alipofungwa 1969. Mashairi aliyoyaandika gerezani yakachapishwa 1973, na baadaye akafundisha Kiswahili Leipzig, Ujerumani. Mtu wa aina hiyo aje mikono mitupu, nitakaa sakafuni nimsikilize. Huyu wetu nimemtafutia hata hadithi moja, hata shairi la gazetini, sikuona. Mwenzangu mmoja alimwuliza darasani ameandika nini. Akasema anaandika "kwa ajili ya droo". Tukacheka tukidhani ni mzaha.

Nikaenda kwa mkuu wa idara, na adabu, shikamoo na kila kitu. Akaniuliza, "Bi mdogo, umekuja kusoma au kupeleleza?" Nikamwambia nimekuja kununua elimu na nimepewa ndoo. Hakufurahi. Akataka malalamiko kwa maandishi. Nikaandika kurasa mbili, nikagongewa muhuri wa "imepokelewa" na nakala nikabaki nayo.

Wiki ya tatu baada ya hapo matokeo yakatoka. Wenzangu wote wana alama. Mimi kwenye somo lake kuna kistari tu. Hata ile 41 haipo. Ofisi ya mitihani wanasema niende idarani, idarani wanasema nimwone mhadhiri, na mhadhiri simu hashiki.

Aliyewahi kupita kozi hii akapotezewa alama baada ya kuuliza swali, aniandikie kwa faragha na mwaka aliosoma. Jumatatu narudi pale na barua ya pili, na safari hii sitaki kwenda peke yangu.