Mjadala: Mtu akishatumikia adhabu ya bangi, kwa nini aendelee kuadhibiwa kazini?

Wadau, kila suala la bangi likiguswa, wanaounga mkono marufuku hutoa jibu lilelile: sheria ni sheria, ukishikwa utatumikia adhabu yako, basi yameisha. Napinga hapo kwenye "yameisha". Faini inalipwa siku moja, lakini rekodi ya jinai inakufuata kila unakoomba kazi. Fomu inauliza kama umewahi kutiwa hatiani. Haiulizi kama ulikutwa na msokoto mmoja au gunia. Ukijibu ndiyo, mara nyingi hata kwenye usaili huitwi. Mwaka 2022 Rais Biden alitoa msamaha kwa waliohukumiwa na serikali kuu ya Marekani kwa kukutwa na bangi tu. Hata huo msamaha haukufuta rekodi, na haukugusa kesi za majimbo, ambako wengi ndiko wanakoshtakiwa. Tena huko Mweusi hukamatwa kwa bangi zaidi ya mara tatu ya Mzungu, ingawa uvutaji wao unakaribiana.

Halafu kuna kipimo cha mkojo, na hiki ndicho kinachoniuma zaidi. Kipimo cha pombe cha kupuliza kinaonyesha hali yako muda huohuo. Cha mkojo kinatafuta mabaki yanayobaki mwili ukishaivunjavunja THC, kemikali ya bangi inayolevya, na mabaki hayo hayalevyi. Aliyevuta mara moja anaweza kukutwa nayo siku kadhaa baadaye. Mvutaji wa kila siku, hata wiki kadhaa. Aliyelewa chakari Jumamosi anaingia kazini Jumatatu bila wasiwasi, wakati mwenzake aliyevuta kidogo usiku uleule anapoteza ajira akiwa na akili timamu.

Katika jimbo la Colorado, Marekani, kulikuwa na mfanyakazi wa huduma kwa wateja aliyepooza, anapokea simu akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alitumia bangi kwa kibali cha matibabu kilichotambuliwa na jimbo, nyumbani, nje ya saa za kazi. Alifukuzwa baada ya kipimo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema mwajiri hakukosea, kwa kuwa sheria ya serikali kuu bado inaikataza bangi. Yaani jimbo linakupa kibali, na kibali hakikulindi kazini.

Najua mtaniuliza kuhusu dereva wa lori au mwendesha winchi. Hapo sina ubishi: aliyelewa asiguse usukani, iwe kwa bangi au kwa bia. Lakini apimwe ulevi wake. California tangu Januari 2024 imewazuia waajiri wengi kumwadhibu mtu kwa mabaki yasiyolevya, huku kazi kama za ujenzi zikiachwa nje ya katazo hilo. Kwa hiyo inawezekana.

Wenye msimamo tofauti, karibuni, ila mnijibu hili: mtu amemaliza adhabu ya mahakama, kazini halewi na kazi yake haina dosari. Mwajiri anamfukuza kwa kosa gani?