Simu inakataa kidole changu nikitoka mjengo

PlastaKayole
Habari zenu wakuu. Nauliza anayezielewa simu vizuri. Mimi napiga plasta, kwa sasa tuko kwa jengo moja Kilimani. Asubuhi simu inafunguka nikigusa tu kile kitufe cha pembeni. Jioni, hata nikishanawa mikono, inakataa. Inatetemeka, inaniambia nijaribu tena, mwisho inadai PIN. Sasa kubonyeza PIN ndani ya matatu ya Kayole saa moja jioni, watu wamebanana hivyo, mnajua ilivyo. Pesa yangu yote ya wiki iko M-Pesa. Simu ni Android, niliinunua ikiwa imetumika. Ni kitufe kimeharibika ama ni vidole vyangu? Na nikiachana na kidole kabisa, nitapoteza nini?

MamaFua_Pipeline
Pole ndugu yangu, ni vidole. Mimi nafulia watu nguo, na yangu ni hivyo hivyo: nikishinda kwa maji na sabuni ya unga, simu hainijui. Nikipumzika siku mbili tatu inanikubali tena. Mimi nilisajili kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kwa sababu hicho hakisugui sana. Tangu hapo sijasumbuka.

FundiLuthuli
Mama amesema kweli. Kitufe kingekuwa kibovu kingekataa hata asubuhi. Natengeneza simu hapa Luthuli, na mikono ya mafundi wa mjengo naiona kila wiki. Simiti mbichi ni kali, inakula ngozi pole pole na kuikausha, halafu mchanga unasugua kilichobaki. Jioni shika kidole chako kwenye taa ukikiinamisha kidogo. Utaona ile mistari imelala, na juu yake kuna nyufa nyeupe zinazoikata.

Sensa ya pembeni haipigi picha. Inapima chaji ndogo sana ya umeme: tuta la ngozi, yaani ule mstari wa kidole, linapoigusa inapata kipimo kimoja, penye bonde kati ya mistari inapata kingine. Ngozi ikikauka, tofauti hiyo inafifia, na ufa inauchukua kama mstari mgeni. Mkono wenye maji unakataliwa pia, maana maji yamejaza mabonde. Ila mistari yako haijapotea. Chimbuko lake liko chini ya ngozi ya juu, ulizaliwa nayo, na itarudi ilivyokuwa isipokuwa pale penye kovu la kina.

Kwa hivyo futa alama ya zamani usajili upya jioni, mkono ukiwa umetoka kazini, ukikigeuza kidole ncha na kingo zote. Ongeza kile kidole cha Mama. Usiku paka mafuta, na ufute vizuri kabla ya kugusa simu.

Kuacha kidole sikushauri kabisa. Wajuzi wanaweza kukidanganya, sikatai. iPhone 5s ilipotoka 2013, watu wa Chaos Computer Club, kile chama cha wadukuzi kule Ujerumani, waliifungua baada ya siku chache tu kwa kidole cha bandia, wakitumia alama iliyopigwa picha juu ya kioo. Lakini hiyo ni kazi ya kamera, printa na subira. Mwizi wa mji huu anasimama nyuma yako anasoma PIN, halafu anakuvizia ukishuka. Ukifungua kwa kidole, hana cha kusoma. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mtu anayepanda gari kila siku.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo la simu kuwa imetumika. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, uangalie orodha ya vidole. Kidole chochote kilichomo humo kinafungua simu sawa na chako.

Umoja_Two
Mimi bado siamini. PIN ikiibwa nabadilisha. Alama ya kidole ikiibwa nibadilishe nini? Hizi programu zote tunazipa kidole, kinaenda wapi?

FundiLuthuli
Swali zuri, ndugu. Hakiendi popote. Simu inageuza alama kuwa hesabu na kuifungia kwenye sehemu ya peke yake, ambayo programu za kawaida haziwezi kuisoma. Programu ya M-Pesa au ya benki inaambiwa tu kama kidole kimekubaliwa au kimekataliwa. Na PIN ya M-Pesa inabaki vile vile: ukipiga *334# kidole hakina kazi.

Kuna pengo lingine watu wanalisahau. Mwizi akitoa laini akaitia kwenye simu nyingine, kidole chako hakimzuii kupokea meseji zako. Wekea laini yenyewe PIN. Usibahatishe lakini, ukikosea mara tatu inajifunga mpaka upate PUK, ile namba ya kuifungulia laini.

PlastaKayole
Asante sana fundi, na wewe Mama. Nimesajili upya, jioni hii imefunguka nikiwa bado stejini. Lakini kwa ile orodha nimekuta vidole viwili, na mimi nilikuwa nimeweka kimoja tu. Nimevifuta vyote kwanza. Mtu anawekaje kidole bila mimi kujua?

FundiLuthuli
Simu haikubali kidole kipya kabla ya kuandikiwa PIN. Ama aliyekuuzia alikuwekea PIN ukaendelea nayo, ama kuna mtu wa karibu anayeijua. Ibadilishe usiku huu kabla hujalala, na kama ndiyo hiyo hiyo unayotumia M-Pesa, anza na ya M-Pesa.