Nipimeje muda ambao amri huutumia hadi kumalizika?

Karani wa Mwaloni, Kigoma
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninatunza kumbukumbu za dagaa na migebuka wanaoshushwa mwaloni Kibirizi, na kila jioni nikishawasha kompyuta yangu ya Linux huendesha mfululizo wa amri za kupanga na kujumlisha mafaili ya mwezi. Leo nimetanguliza neno `time` mbele ya mfululizo huo, nikapata real dakika 1 na sekunde 12, user sekunde 9, sys sekunde 3. Nilipourudia papo hapo, real ilishuka hadi sekunde 14. Niamini kipimo kipi?

Fundi Ujiji
Ndugu Karani, vipimo vyote viwili ni vya kweli. Real ni muda wa saa ya kawaida tangu amri ianze hadi imalizike. User ni muda ambao prosesa ilitekeleza programu yenyewe. Sys ni muda ambao kerneli (sehemu kuu ya Linux inayosimamia vifaa vya kompyuta) iliitumikia programu hiyo, kwa mfano katika kusoma mafaili. Ukijumlisha 9 na 3 unapata sekunde 12, maana yake ni kwamba kwa sekunde 60 hivi kazi yako ilikuwa ikisubiri, na ninaamini ilisubiri diski, kwa kuwa mara ya pili Linux ilikuwa imekwisha kuyahifadhi mafaili hayo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda, iliyo ya haraka kuliko diski na hufutika kompyuta ikizimwa). Kwa kuwa unaifanya kazi hii mara tu baada ya kuwasha kompyuta, kipimo cha kwanza ndicho kinachokuhusu. Tafadhali usinunue prosesa mpya.

Mwalimu, Tabora
Naafikiana na Fundi, ila pana jambo linalowapotosha wengi. Neno `time` la Bash (programu inayopokea amri unazoandika) hupima mfululizo mzima wa amri zilizounganishwa kwa alama `|`, ilhali `/usr/bin/time`, ambayo ni programu ya pekee, hupima ile amri moja tu inayoandikwa baada yake. Hiyo ya pili, ikiongezewa `-v`, hukuonyesha pia kiwango cha juu cha RAM kilichotumika. Vilevile, usishangae siku user ikizidi real: `sort` ya GNU (amri ya kupanga mistari) huweza kugawanya kazi kwa viini kadhaa vya prosesa, na muda wa kila kiini hujumlishwa.

Karani wa Mwaloni, Kigoma
Ahsanteni sana. Nimezima kompyuta, nikaiwasha na kupima upya: real imerudi dakika 1 na sekunde 10. Nitayahamishia mafaili kwenye SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), kisha nipime kwa utaratibu huu huu wa kuzima na kuwasha.