Snea ya zamani kwa studio ndogo: Supraphonic, Acrolite au Radio King?

Kibadachi: Wakuu, salamu. Studio yetu tunarekodi zaidi gospo na dansi. Drams tulizonazo ni za kisasa, hazina neno, ila snea (ile ngoma yenye nyuzi za chuma chini) inalia kama sufuria na kuituliza kunakula muda wa wateja. Shemeji yangu yuko Marekani, amekubali kuniletea moja ya zamani. Nasita kati ya Ludwig Supraphonic LM400, Ludwig Acrolite na Slingerland Radio King. Mngechukua ipi?

Mpigaji_Magomeni: Supraphonic, mjadala umeisha. Upana inchi 14, kina 5, na tangu miaka ya 1960 imeingia kwenye rekodi zisizohesabika. Ukiikaza mlio unakuwa mkali, ukiilegeza bado ni mzito. John Bonham wa Led Zeppelin alipiga ndugu yake mnene, LM402 yenye kina cha inchi 6.5.

FundiMaiki: Haujaisha, mkuu. Acrolite nayo ni alumini ya Ludwig, bodi (gamba la ngoma) ileile isiyo na mshono. Haina kromu, na skrubu za kukazia ngozi ni 8 badala ya 10. Ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, ndiyo maana watu waliidharau na bei ikabaki chini. Mlio wake mkavu kidogo, na mbele ya maiki hiyo ni faida, maana unapunguza kazi ya kukata mwangwi baadaye.

MamaToazi: Kromu haishiki vizuri kwenye alumini. Supraphonic nyingi za enzi hizo zina vipele na zinabanduka. Sauti haiathiriki, lakini usilipie bei ya mpya. Shemeji aende na sumaku, aiguse kwenye bodi, si kwenye rimu. Ikinasa, hiyo ni chuma, siyo Supraphonic.

Mzee_wa_Jazi: Vijana mmeiruka Radio King. Bodi yake ni ubao mmoja uliopindwa kwa mvuke, si tabaka zilizogundishwa. Gene Krupa, mpiga drams wa jazi wa Marekani, aliipa umaarufu miaka ya 1930. Ukiipiga kwa brashi badala ya vijiti, sijasikia mpinzani wake. Shida ni kwamba ilizaliwa wakati wa ngozi za ndama. Nyingine zimepoteza uduara, na ngozi za plastiki za leo hazikai sawa. Kama huna fundi mbao anayejua kusawazisha ukingo, iache.

Mpigaji_Magomeni: Mzee, gospo na brashi wapi na wapi?

Mzee_wa_Jazi: Sikusema ainunue.

Kibadachi: FundiMaiki, nayo Acrolite ikivuma sana?

FundiMaiki: Ngozi ya juu iwe ile nyeupe yenye rangi ya kukwaruza, nyuzi za chini mpya, halafu kitambaa chepesi pembeni. Ringo Starr wa Beatles alitandika taulo za jikoni juu ya drams zake studio. Pesa utakayookoa kwa kuacha Supraphonic, nunua ngozi za akiba.

Kibadachi: Basi Acrolite. Namwandikia shemeji usiku huu.

MamaToazi: Mwambie ajaribu na swichi ya nyuzi, ile ya kuzikaza na kuziachia, kabla hajalipa. Ikiwa imekufa, gharama ya kuagiza kipuri itameza unafuu wote.