MJADALA: Msonge wa mwisho wa babu, ubomolewe au uezekwe upya?

Mjukuu wa Magu: Mwangaluka wakuu. Kwenye boma la marehemu babu yetu umebaki msonge mmoja wa nyasi. Ndugu wanataka uondolewe, ijengwe nyumba ya bati. Mimi nataka uezekwe upya. Mnasemaje?

Fundi wa Igoma: Bomoa. Nyasi ni panya, nyoka na moto. Makaburi ya Makabaka kule Kasubi, Kampala, yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na bado jengo kubwa la nyasi liliteketea Machi 2010. Sembuse msonge wa babu yako? Tena tuseme ukweli, wazee walijenga vile kwa sababu hawakujua kujenga.

Binti wa Kisesa: Hawakujua? Mteremko wa lile paa ni mkali ili maji yakimbie kabla hayajazama kwenye nyasi. Moshi wa mafiga ulifukuza mchwa na kuzikausha fito. Wewe fundi, kaa chini ya bati lako saa nane mchana mwezi wa tisa, halafu uje useme nani hajui. Padri David Clement alitoka Kanada, na kanisa la Bujora, huku kwetu Kisesa, Mwanza, akalijenga mviringo kwa kufuata nyumba za Wasukuma.

Mtu wa Bukoba: Dada, kwa misonge njooni Kagera. Wa Kihaya nyasi zinashuka toka kileleni hadi ardhini. Huo wenu ni ukuta wa udongo uliovishwa kofia.

Mzee wa Ngudu: Kofia? Ukuta huo mama zetu waliukandika kwa mikono, maji wakiyabeba kichwani. Chunga mdomo, kijana.

Mtu wa Bukoba: Shikamoo mzee. Sijamtukana mama wa mtu, nimesema umbo.

Mzee wa Ngudu: Marahaba. Umbo lina wenyewe. Na msidhani bati ndilo lililoimaliza misonge. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji, serikali ilipokusanya watu vijijini, tulihamishwa tukajenge kwa mistari. Ukikuta minyaa imezunguka mahali patupu porini, hapo palikuwa na kaya ya watu.

Fundi wa Igoma: Mzee, vijiji hivyo ndivyo vilivyotuletea shule. Mimi nimesoma humo. Usimseme Mwalimu Nyerere vibaya.

Mzee wa Ngudu: Nimemtaja Mwalimu wapi? Nimesema tulihamishwa. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Mjukuu wa Magu: Wakuu, na msonge je? Nyasi ndefu huku zimekwisha, malisho na mashamba ya pamba yamemaliza mbuga. Kuna anayemjua fundi wa kuezeka?

Binti wa Kisesa: Ulizia Bujora, makumbusho yana nyumba za asili. Ila huyu fundi kwanza afute kauli yake kwamba wazee hawakujua kujenga.

Fundi wa Igoma: Sifuti. Na shule zilijengwa kwa vijiji, mzee akubali hilo.

Mzee wa Ngudu: Shule ya kwetu ilikuwepo kabla ya 1974. Uliza watu wa Kwimba.