Naomba ushauri: kadi za kwenye mfumo wa vibali, zipi zibaki na zipi ziondoke?

Mpanga_Skrini (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye ofisi ya umma inayotoa vibali. Mfumo wetu unaonyesha kila kitu kwa kadi, yaani visanduku vya taarifa kwenye skrini. Afisa akifungua ombi anakuta kadi ya taarifa za mwombaji, ya nyaraka zilizopungua, ya malipo, ya ukaguzi na ya maombi yaliyopitiliza muda. Kila afisa anapanga kadi zake apendavyo, anaongeza, anaficha. Sasa wengine skrini zimejaa hadi hawaoni wanachotafuta, wengine wamebakiza mbili tu. Nimeagizwa nilete mpangilio mmoja wiki ijayo na usingizi umenikimbia. Mliopitia haya, kadi zipi zina kazi kweli? Nawasilisha.

Dirisha_la_Mbele
Mimi ndiye ninayekaa dirishani, nisikilize kabla mafundi hawajafika. Kadi yenye msaada kuliko zote ni ya nyaraka zilizopungua. Mwombaji akija ana swali moja: mbona kibali hakijatoka? Kadi ikiniambia "inasubiri cheti cha kuzaliwa, mwombaji alijulishwa tarehe 4", namjibu kabla hajakaa. Bila hiyo nafungua kurasa moja baada ya nyingine, na yeye anaona namtafutia visingizio. Kadi ya malipo iseme imelipwa au bado, na iwe na kitufe cha kutoa namba ya malipo hapohapo. Ile ya taarifa binafsi ijikunje, ifunguke nikibofya. Skrini yangu inaonekana na waliosimama nyuma ya mwombaji, na mambo ya ugonjwa wa mtu hayawahusu.

Mzee_wa_Masjala
Vijana mnaanza na skrini kabla hamjajua jalada linatembeaje. Sisi tulikuwa na kadi za karatasi, kila jalada na kadi yake: limekwenda kwa nani, lini, limerudi lini. Jalada likipotea, unavuta kadi unajua pa kubisha hodi. Hata HyperCard, programu ya kompyuta ya Apple ya mwaka 1987, ilikuwa mafungu ya kadi, kila kadi na vitufe vyake. Nidhamu ya kujaza kadi ndiyo iliyokuwa inaokoa watu. Siku hizi mtu anabofya tu bila kuandika sababu, halafu mfumo unalaumiwa.

Kipanya
Mzee shikamoo, ila tumrudie mleta uzi. Umesema wengine wamebakiza kadi mbili. Kadi gani imefichwa na wengi?

Mpanga_Skrini
Ile ya maombi yaliyopitiliza muda. Karibu wote wameiondoa.

Kipanya
Kwa nini? Mtu hafichi kitu kinachomrahisishia kazi.

Mpanga_Skrini
Haya, niseme. Kadi hiyo ina jina la afisa na idadi ya maombi yaliyochelewa mikononi mwake, na msimamizi anaichukua kwenye tathmini ya utendaji. Lakini huo ni utaratibu wa ofisi, haukutokana na kadi. Nimeshatengeneza toleo ambalo inakaa juu kabisa, haifichiki, na muda ukipita inageuka nyekundu. Mkuu wa kitengo ameliona, amelipenda. Mwombaji ana haki ya kujibiwa kwa wakati, siwezi kuwaacha maafisa waizime.

Dirisha_la_Mbele
Kumbe! Ombi limelala idara nyingine, jina jekundu ni langu? Nakueleza kitakachotokea: watu watamaliza maombi mepesi ili namba ishuke, na yale magumu, ya wenye shida hasa, yatakaa chini kabisa.

Chunguza_Kwanza
Wakuu, hii ni chai. Mtumishi wa TEHAMA hana wenzake wa kuwauliza hadi aje huku? Ama ni mwanafunzi anatafuta andiko la mradi, ama muuzaji anapima soko. Jina la mfumo hataji, ofisi hataji.

Mpita_Njia
Hata mimi nimeanza kuhisi hivyo. Habari nzito kaja nayo baada ya kubanwa.

Mpanga_Skrini
Siwezi kutaja ofisi, nina ajira. Muuzaji angekuja kusifia. Niulizeni chochote kuhusu kadi zenyewe.

Chunguza_Kwanza
Sawa. Kadi ya ucheleweshaji inaanza kuhesabu lini?

Mpanga_Skrini
Siku ombi linapotumwa. Hata nyaraka zikiwa pungufu, siku zinahesabiwa. Hesabu niliikuta hivyo.

Chunguza_Kwanza
Nimekuamini. Mtunzi angekuja na jibu linalompendeza mkuu wake.

Kipanya
Basi anzia hapo. Hesabu isimame ombi likiwa kwa mwombaji au idara nyingine, na kadi iseme limekwama hatua gani. Majina yaende kwenye ripoti ya msimamizi, yatoke kwenye kadi. Kisha panga kwa jukumu: wa dirishani wawe na nyaraka na malipo juu, mkaguzi awe na ratiba ya ukaguzi. Hizo zisifichike, nyingine kila mtu ajipangie. Nyekundu peke yake usiitegemee. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na wenye ulemavu pia, unakataza rangi pekee kubeba taarifa, kwa hiyo andika "Imepita siku 6". Na kama kadi zinahamishwa kwa kuburuta, WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inataka pawe na njia nyingine isiyo ya kuburuta. Weka vitufe vya "sogeza juu" na "sogeza chini". Kuna maafisa ambao mikono yao haiwezi kuburuta kitu.

Mpanga_Skrini
Hesabu nitairekebisha kabla ya kikao. Maandishi na vitufe pia. Kadi kukaa juu sibadilishi, nimeshaahidi na naamini ndivyo inavyopaswa. Kuhusu majina nitamweleza mkuu, ila hilo haliko mikononi mwangu.

Dirisha_la_Mbele
Mlete dirishani siku ya foleni. Afungue ombi moja lililokwama idara nyingine, asome hiyo kadi yako, kisha amjibu mwombaji yeye mwenyewe.

Mpita_Njia
Na kwenye simu zinakaaje? Wakaguzi wetu wanatembea.

Kipanya
Safu moja. Ratiba ya ukaguzi ya kwanza, nyaraka ya pili, zilizobaki zijikunje.